Kiu Kando ya Ziwa

Karatasi la nailoni nyeusi likipigwa na jua lina harufu yake. Ni kama mpira uliosahauliwa karibu na moto, halafu ukachanganyika na jasho la mtu. Hapa Kambarage, mjini Shinyanga, ninapoishi kwa shangazi ili nisome sekondari, kuna duka la Mzee Karimu, na akipata mteja wa nailoni hulitandaza barazani kwenye jua ndipo alikate. Nikipita hapo na madaftari yangu kifuani, miguu husimama yenyewe. Wenzangu hudhani nataka kununua kitu. Sinunui. Nasimama tu kama mjinga, na kinywa kinanikauka, hata kama nimetoka kunywa maji bombani sasa hivi.

Leo nataka kuwaeleza sababu. Kuisema kwa mdomo siwezi. Darasani mwalimu akiniita jina, najibu kwa sauti ya mbu, na wavulana wa nyuma wanapiga kelele, "Kabula, ongeza betri!" Lakini kwenye karatasi aibu hunipungua, sijui kwa nini. Labda kwa sababu karatasi haikuangalii usoni.

Kwetu ni Samuye. Anayekujua Samuye anajua kwamba kwetu maji hayamwagwi hivi hivi. Yaliyonawia mikono yanasuuza sufuria, yaliyosuuza sufuria yanakwenda kwa mbuzi. Mto wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba humo humo mchangani, unapiga magoti, unasubiri yajikusanye taratibu kama machozi ya mtu mgumu, kisha unachota kwa kata kidogo kidogo bila kuyavuruga. Ukimaliza unazungushia miiba ng'ombe wasiingie. Mtoto wa kwetu anajua kuchimba kisima cha mchangani kabla hajajua kuandika jina lake.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la pili, na mvua ilitudanganya. Ilikuja ikanyesha kwa kishindo, tukapanda, ikaondoka bila kuaga. Mtama ulikauka ukiwa magotini. Baba alikuwa ameshakwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu, akarudi kiangazi amekonda, ndevu zimekuwa nyekundu kwa vumbi, begani ana furushi la nailoni nyeusi. Alitueleza kwamba duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo, liko kwenye vilima visivyo na tone la maji. Kwa hiyo mchanga wenye dhahabu waliufunga kwenye viroba na kuusukuma kwa baiskeli hadi ufukweni mwa ziwa, ndiko walikouosha. Huko walikuwa na kambi ndogo.

"Shule zimefungwa," baba alimwambia mama. "Twende mkapige kambi na sisi. Hapa mtakula nini?"

Bibi, yaani mama yake baba, hakupenda. Bibi alikuwa amekwisha meno, lakini maneno yake yalikuwa bado na meno yote. "Ziwa lina wenyewe," alisema, akimshika mdogo wangu Limbu mapajani kama vile lori limeshafika kumchukua. Limbu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, kitumbo mbele, kila hatua mbili anaanguka na kucheka. Bibi alimpenda kupita kiasi. Nami alinipenda, karanga ngumu alikuwa ananipa nimtafunie, halafu ananirudishia nusu kama malipo. Hatimaye alikubali, akatutemea mate ya baraka vifuani, tukaondoka.

Tulipanda lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka pamba, tukapitia Kahama, tukalala njiani, na mwisho tukatembea kwa miguu baba akisukuma baiskeli yenye mizigo na Limbu juu yake. Mimi nilidhani ziwa ni lambo kubwa. Nilitegemea kuona ng'ombe wamesimama ng'ambo. Tulipotokeza kwenye mwinuko wa mwisho nikaona mbingu imeshuka chini ikalala. Nilimshika mama kanga. Naye, nilihisi, alikuwa amesimama.

"Yote hayo ni maji?" aliuliza.

"Yote," baba akasema kwa kujivuna, kama vile aliyachimba yeye.

Kambi yenyewe ilikuwa kipande cha mchanga kati ya matete na mawe makubwa. Vibanda vya nailoni vilikuwa vichache, vimeinamishwa kwenye miti kama kuku wanaojikinga mvua. Choo hakukuwa. Wanaume walikwenda upande wa matete, wanawake upande wa mawe, na ukitoka unakohoa ili mwenzio ajue. Mchana nailoni ilikuwa inachemka, ndani huwezi kukaa, na harufu ile ndiyo iliyoniganda puani mpaka leo. Lakini mimi mwanzoni niliona ni peponi. Wanaume walisimama majini hadi magotini, wakizungusha mchanga kwenye makarai, wakiimba, na nyuma yao maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa. Wengine waliogea hapo hapo.

Mpishi wao alikuwa Mama Bahati, Mzinza wa pale pale ufukweni, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa sufuria. Mwenye mtumbwi wa mashine aliitwa Magesa, aliyekuwa anavusha watu ghuba kwenda ng'ambo penye soko na zahanati. Hawa wawili walikuwa hawaishi kutaniana, ungedhani ni mtu na shemeji yake.

Jioni ile ya kwanza, kabla hata ya kufungua mizigo, mama alichukua jembe la mkono, akapiga magoti mchangani hatua chache kutoka mawimbi yanapoishia, akaanza kuchimba. Nikajiunga naye. Tulichimba kwa bidii, kimya kimya, kama tulivyozoea. Maji yakaja haraka mno, mama mwenyewe akashtuka akarudisha mkono. Tulipoanza kuzungushia miiba, Magesa akashindwa kuvumilia.

"Mama Shinyanga!" alipaza sauti. "Hebu geuka kidogo. Hilo lote nyuma yako hukuliona?"

Kambi nzima ikaangua kicheko. Baba alijifanya anafunga kamba ya kibanda.

"Nimeliona," mama alijibu bila kugeuka. "Lakini nyie si ndimo mnamonawia makalio?"

Mama Bahati alicheka hadi akakaa chini. "Umelipata, Magesa! Umelipata!" Tangu hapo akawa rafiki ya mama, na kisima chetu kikabaki pale na miiba yake. Mama alichota humo kwa kata, kidogo kidogo, akifunika kwa sufuria akimaliza. Ziwa zima lilikuwa mbele yetu na bado tulinawa kwa maji ya kikombe kimoja. Nilipomwaga ya kuoshea miguu, mama alinifinya sikio kwa mazoea tu.

Siku zilikwenda vizuri. Kisha mchanga ukaisha, baba na wenzake wakarudi vilimani kwenye duara kuleta mwingine, tukabaki wanawake, watoto na Magesa. Baba alisema hawatakawia. Na upepo ndipo ulipoanza, upepo mzito wa mchana kutwa, ziwa likaota meno meupe.

Asubuhi moja Limbu aliamka analia. Hatukujua alikula nini au alikunywa nini. Mtoto anayejifunza kukimbia anaokota kila kitu. Alitapika, kisha akaanza kuharisha, na haikuwa kuharisha kwa kawaida, yalikuwa maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele. Mama alibadilisha kitambaa, akabadilisha kingine, vitambaa vikaisha, akachana kanga. Kabla jua halijapanda vizuri mdogo wangu alikuwa ameshabadilika sura. Macho yalimwingia ndani. Ngozi ya tumbo, lile tumbo lililokuwa linamtangulia, ukiibana inabaki imesimama kama kitambaa.

"Minzi," alikuwa anasema. Kwa Kisukuma ni maji. "Mayu, minzi." Mama, maji.

Mama akasema hapana.

Niwaeleze vizuri, maana msije mkamwona mama yangu mkatili. Nyumbani tulikuwa na mwingine kati yangu na Limbu, akiitwa Milembe. Mimi namkumbuka kwa mbali, nywele zake zilikuwa na rangi ya udongo. Aliharisha kama hivi, mwaka mwingine wa kiangazi, akalilia maji, na mama akampa. Akafa siku hiyo hiyo. Kwetu wazee walijua, au walidhani wanajua, kwamba mtoto anayeharisha hapewi maji. Ukimwongezea maji unaongeza kinachotoka. Bibi ndiye aliyelisema waziwazi msibani, mbele ya wanawake wote waliokuwa wamekaa chini: "Mama yake amemmalizia kwa kata." Hakulisema kwa chuki. Alilisema huku analia. Tangu siku hiyo hakuna aliyelizungumza, lakini hakuna aliyelisahau.

Basi Mama Bahati alipokuja na kikombe, mama alimzuia kwa mkono.

"Mama Kabula, mtoto amekauka huyu. Mpe maji."

"Kwetu hapewi."

"Kwenu ni kwenu! Hapa mtoto anakauka kama dagaa, na wewe umekaa na ziwa mlangoni!"

"Nimeshampa mmoja," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama yangu nikiwa darasani. "Nimeshampa mmoja, akanifia hapa." Akaonyesha mkono wake wa kushoto, mahali pa kiwiko, pale ambapo kichwa cha mtoto hulala.

Mama Bahati alibaki na kikombe chake. Alikitazama, akakiweka chini nje ya kibanda, akakwenda kumtafuta Magesa.

Magesa alikuja akalitazama ziwa. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. Alisema mawimbi yale yatageuza mtumbwi tumbo juu kabla hatujafika katikati ya ghuba. Ngojeni upepo utulie, alisema. Labda mchana. Labda alasiri.

Tukangoja. Wasomaji wangu, nimefanya mitihani, nimengoja matokeo, nimewahi kungoja lori la usiku peke yangu, lakini kungoja kule sijakuona tena. Limbu alikuwa analia akitazama nje, kwa sababu mlango wa kibanda uliangalia ziwa. Mama alitoa kanga yake iliyobaki, akaitundika mlangoni asione. Akaenda kufunika kisima kwa karai. Akakichukua na kikombe cha Mama Bahati, akayamwaga maji yake mbali. Lakini ziwa utalizuiaje kusikika? Lilikuwa linapiga mchanga, shwaa, shwaa, na kila likipiga Limbu anageuza kichwa.

"Imba, Kabula," mama akaniambia.

"Niimbe nini?"

"Chochote. Kwa nguvu."

Mimi, ambaye kwenye kwaya ya shule nilikuwa nachezesha midomo tu, niliimba. Niliimba za shule, za kanisani, za kulimia, za kuruka kamba. Joto chini ya nailoni lilikuwa kama la tanuru, jasho linanitiririka hadi machoni, harufu ile imetuzingira. Zilipokwisha nikarudia. Sauti ilipokauka nikawa napiga makofi. Nilidhani kazi yangu ni kumchangamsha mtoto. Nilijiona hodari sana.

Mama naye hakunywa kitu tangu alfajiri. Mama Bahati alimletea chai, akaipokea kwa heshima, akaiweka kando hadi nzi wakaingia. Midomo yake ilikuwa na magamba meupe. Kila nilipokwenda nje kunywa kisimani kwa kujificha nilirudi nimepangusa mdomo, nikiogopa kwamba Limbu ataninusa.

Alasiri upepo ulikuwa bado haujatulia. Limbu akanyamaza. Kwanza nikafurahi, nikadhani amelala. Mama aliponiangalia nikaelewa kwamba kunyamaza kule siyo usingizi. Alikuwa amefumbua macho nusu, haoni kitu. Sauti ya mawimbi haikumgeuza tena.

Mama alimnyanyua, akapita katikati ya kanga ile bila kuifunua, ikamwangukia mabegani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mtumbwi wa Magesa, akakaa ndani. Mtumbwi ulikuwa nchi kavu. Alikaa humo na mtoto wake, anatazama mbele, kama abiria aliyechelewesha wenzake.

"Mama Shinyanga, shuka," Magesa alisema kwa upole. "Nimekuambia, tutakufa wote."

Mama hakushuka.

Mama Bahati akaweka mikono kiunoni. "Magesa, kila siku unajisifu hapa. Oo, mimi nimezaliwa kwenye maji, oo, mimi samaki wananiamkia shikamoo. Leo wako wapi hao samaki?"

"Usinichokoze wewe. Hili siyo jambo la utani."

"Sitanii. Mimi nitapiga kafi. Na kama tukizama, angalau utakuwa umezama mwanamume."

Magesa alimtazama, akamtazama mama, akavua shati. Walisukuma mtumbwi. Mimi sikuulizwa, lakini nilijirusha ndani, na hakuna aliyekuwa na muda wa kunitoa.

Sitaweza kuwaeleza ziwa lilivyo ukiwa ndani yake. Kwetu maji yanakuja chini yako kwa unyenyekevu unapopiga magoti. Yale yalikuwa yanasimama, yanakuja juu yetu, yanaanguka. Mashine ilizimika, ikawaka, ikazimika. Mama Bahati alipiga kafi huku anayatukana mawimbi kwa Kizinza. Nilikuwa nachota maji ya ndani ya mtumbwi kwa kopo na kuyamwaga nje, namwaga na kumwaga, mimi mtoto wa Samuye niliyefinywa sikio kwa kumwaga kikombe.

Kisha wimbi moja lilitupiga ubavuni, likatumwagikia wote. Nilipopangusa macho niliona jambo. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye mkono wa mama, yanashuka hadi pale kiwikoni, na Limbu alikuwa ametoa ulimi. Analamba. Taratibu sana, kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Analamba mkono wa mama yake.

Nikamwangalia mama. Alikuwa ameona. Nilingoja ajipanguse. Ukingo wa kanga alikuwa nao mkononi, ulikuwa ni wa kufuta tu. Hakumfuta. Alimtazama analamba mpaka mkono ukakauka, na ulimi ukawa unatafuta. Midomo ya mama ilikuwa inacheza, sijui alikuwa anasali au anambembeleza. Halafu akachovya ncha ya kanga kwenye maji ya ndani ya mtumbwi, yale machafu yenye magamba ya samaki, akaiweka kinywani mwa mtoto. Akachovya tena. Kila alipoichovya alifumba macho, kama mtu anayepokea kipigo, na kila alipoyafumbua mtoto alikuwa bado anavuta.

Hata Mama Bahati aliacha kutukana.

Zahanati ya ng'ambo ilikuwa chumba kimoja chenye ukuta uliopakwa chokaa. Nesi alikuwa anafunga mlango aende nyumbani. Alikuwa mdogo, pengine hakuwa amefikisha miaka ishirini na mitano, amechoka, na maneno yake yalikuwa makali. "Mnangoja mpaka mtoto awe hivi ndiyo mnaleta?" Lakini mikono yake ilikuwa tofauti na maneno. Alikoroga chumvi na sukari kwenye jagi la maji yaliyochemshwa, akampa mama kijiko, akamwonyesha: mpe, ngoja, mpe. Akitapika, ngoja kidogo, mpe tena.

Mama hakuchukua kijiko. Alikuwa amelowa, kanga imemgandia.

"Nesi," alisema, "nimempa maji njiani. Ya ziwani. Nimemuua?"

Nesi alimshangaa. "Umemuua vipi? Yale machafu tutahangaika nayo, lakini usingempa hayo, ungeniletea maiti. Maji unayompa siyo yanayomuua mtoto, mama. Yanamuua yale yanayomtoka."

Mama akakaa sakafuni na Limbu wake. Akasema, "Na yule mwingine nilimpa."

"Mwingine yupi?"

"Yule aliyemtangulia huyu. Milembe. Nilimpa kata moja. Nikataka kumpa nyingine, bibi yake akaninyang'anya."

Nesi aliacha kukoroga.

"Kwa hiyo ile ya pili," mama akauliza, "ningempa?"

Namkumbuka nesi yule alivyotazama jagi lake. Ukali wote ulikuwa umemtoka, akaonekana binti tu, kama dada zetu. Alisogea akapiga magoti mbele ya mama, akamfungua vidole, akamwekea kijiko humo. "Mpe huyu, mama," alisema. "Mpe huyu sasa."

Mama akaanza kulia. Hakulia msibani kwa Milembe. Nakumbuka shangazi zangu walivyomsema kwa hilo. Pale alilia kwa sauti iliyomtisha hata Magesa aliyekuwa nje, huku mkono wake unampa Limbu kijiko, ngoja, kijiko. Mimi nilikasirika. Nilidhani analia kwa sababu nesi amemgombeza, na niliona siyo haki, mtoto ameanza kumeza vizuri, badala ya kushukuru analia.

Limbu alipona. Tulikaa ng'ambo mpaka akaanza kutupa kijiko chini kwa makusudi na kucheka, na baba akatufuata huko mbio, miguu imevimba. Hatukurudi tena kambini. Mama alisema ameshaliona ziwa, linatosha.

Tulipofika Samuye, bibi alikuwa ametandika mkeka nje tangu aliposikia tunakuja. Habari zilikuwa zimetutangulia kwamba mtoto aliumwa sana. Alimpokea Limbu, akampapasa kichwa, masikio, mbavu, kama anayenunua mbuzi. Kisha akamtazama mama.

"Hukumpa maji," bibi alisema. Hakuwa anauliza. "Uliyashika maneno yangu, ndiyo maana amepona."

Nilifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na neno la kusema mbele ya watu, na nilikuwa na uhakika nalo. Mama alinitazama mara moja tu.

"Ndiyo, mayu," akamjibu bibi, amepiga goti kama inavyotakiwa. "Niliyashika."

Kwa miaka niliona ule ni woga. Nilisema moyoni kwamba mama yangu ni kama mimi, sauti ya mbu, hawezi kumwambia mtu ukweli usoni. Nilimdharau kidogo, na kwa kuwa nimeamua kuandika bila aibu, naliandika hilo nalo. Nilimdharau hata nilipoona kwamba kila mtoto alipougua kuharisha pale kijijini, mama alitoka kwa mlango wa nyuma, jagi chini ya kanga, chumvi na sukari vimefungwa kwenye kona ya kitambaa, akaenda kukaa na mama wa mtoto yule mpaka mtoto amekunywa. Akirudi, bibi anamuuliza ametoka wapi, naye anasema kwenye kuni.

Mwaka huu tulifundishwa na mwalimu wa baiolojia jinsi mwili unavyopoteza maji. Alichora ubaoni mtoto mwenye macho yaliyozama. Wenzangu walikuwa wananakili. Mimi nilikaa na kalamu, na ndipo, darasani pale, katikati ya kelele za wavulana wa nyuma, nilipoisikia ile kata ya pili. Nilielewa kwamba mama alilia kwa sababu nesi alimwondolea mzigo na kumtwisha mwingine katika neno moja. Kata ya kwanza haikuua. Ya pili ingeweza kuponya. Na ya pili ilikuwa mkononi mwa bibi, aliyempenda Milembe kama alivyompenda Limbu, kama alivyonipenda mimi na karanga zangu.

Bibi bado yupo. Nilikwenda likizo, nikamkuta anaota jua, Limbu amekuwa mrefu anamsomea kitabu cha shule ambacho bibi hakielewi. Mama alikuwa anachambua mchele pembeni. Bibi akaniambia, kama anavyomwambia kila mgeni, kwamba huyu kijana ninayemwona hivi, aliponea ziwani kwa sababu mama yake ni msikivu.

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nami nikapiga goti, nikasema, "Ndiyo, bibi. Ni msikivu sana."